Dirisha Halina Picha Yake Mfukoni

Juzi nimeandikiwa tena, na safari hii na mtu anayekula kwa kuandika programu, akitaka kujua kwa nini ninadai malipo ya siku nne kwa kazi ya kupiga picha za skrini za mwongozo wa watumiaji, ilhali "skripti ya mistari miwili inatosha, scrot ndani ya kitanzi, basi" (scrot ni amri ndogo ya Linux ya kupiga picha za skrini). Swali hili nimelijibu ana kwa ana, kwa simu na vikaoni, na kila nikilichimba nakuta chini yake imani ileile: kwamba kila dirisha lililofunguliwa lina picha yake kamili, imetunzwa mahali fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kazi ya mpigaji ni kuiomba tu. Halina. Au, nikisema kwa haki, inategemea. Na siku zangu nne zinakwenda katika huko kutegemea.

Tuanze na X, mfumo wa miaka mingi wa kuonyesha madirisha kwenye Linux, ambamo programu moja, seva, huchora skrini kwa niaba ya programu nyingine zote. Toleo la 11, ambalo bado linatumika, lilitoka mwaka 1987, wakati kumbukumbu ilikuwa kitu cha kuhesabiwa, na seva yake haikulazimishwa kukumbuka kilichochorwa ndani ya dirisha lolote. Dirisha likifunikwa na jingine, sehemu iliyofunikwa inaweza kupotea kabisa. Likifunuliwa, seva huipelekea programu tukio la Expose, na programu yenyewe hujichora upya. Sasa wewe ukija na XGetImage, ombi la X la kusoma pikseli za dirisha, au na amri ya import ya ImageMagick ambayo huishia kwenye mlango huohuo, ukaomba picha ya dirisha lililofunikwa nusu, nyaraka za X zinasema wazi kwamba yaliyomo kwenye sehemu iliyofunikwa hayana uhakika wowote. Kwa vitendo, unapewa kilicho juu yake.

Nilikuja kulielewa hilo kwa aibu. Katika mwongozo mmoja wa programu ya hesabu, uliokwisha kuchapwa na kujalidiwa, kuna picha ya fomu ya kuingiza hati ya malipo, na juu ya kitufe cha "Hifadhi" imekaa arifa ya kijivu iliyotoka kwenye programu yangu ya ujumbe, nayo inasomeka vizuri: "Gesi imeisha". Skripti iliomba dirisha sahihi kwa kitambulisho sahihi, ikapewa mstatili sahihi, pamoja na gesi yangu.

Hapo ndipo mbishi wangu huinua kidole: "Mbona kwangu hata dirisha likifunikwa, picha inatoka nzima?" Ni kweli inatoka, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu imani potofu inayofanya kazi kwenye kompyuta ya mwenye nayo haiondoki hata kwa nyundo. Tangu kiendelezi cha Composite kilipoingia katika X.Org 6.8 mwaka 2004, programu inayoitwa kompozita inaweza kuiambia seva ichore kila dirisha pembeni, kwenye eneo lake lenyewe la kumbukumbu, kisha kompozita ndiyo iyaunganishe yote kuwa skrini moja. GNOME na KDE, mazingira makubwa ya eneo-kazi ya Linux, huja na kompozita ndani yake. Kwa hiyo katika meza yake, kila dirisha kweli lina picha yake mfukoni, lakini mfuko huo ameshonewa na kompozita, wala si tabia ya dirisha. Akiihamisha skripti ileile kwenye Openbox tupu, kidhibiti-madirisha chepesi (programu inayopanga madirisha na kuyawekea fremu), au kwenye Xfce, eneo-kazi jepesi, ambako mtu amezima kompozita ili kuipa pumzi kompyuta kuukuu, mfuko haupo. Na dirisha lililopunguzwa hadi kwenye upau wa kazi mara nyingi limeondolewa skrini kabisa. Ukiliomba picha utajibiwa kosa la BadMatch, jibu ambalo halijawahi kumsaidia mtu yeyote.

Kompozita nayo ina ushuru wake. Programu za GTK, maktaba ya kuchorea vitufe na madirisha, zinazojichorea upau wa kichwa zenyewe hujumuisha kivuli ndani ya dirisha, na picha hutoka na ukingo mpana mweusi pande zote kama tangazo la tanzia. Vipimo vya ukingo huo vimeandikwa katika sifa ya _GTK_FRAME_EXTENTS, namba nne, kushoto, kulia, juu, chini, nawe unakata kwa kuzifuata. Programu zinazowekewa fremu na kidhibiti-madirisha zina ugonjwa wa kinyume: picha inakuja bila upau wa kichwa, mpaka uiongezee import chaguo la -frame.

Kuhusu Wayland, mfumo mpya unaochukua nafasi ya X, nitakuwa mfupi, maana wanaolalamika kwamba "imeharibika" hawajauliza iliundwa kwa nini. Katika X programu yoyote inaweza kusoma dirisha la programu nyingine yoyote, likiwamo lile ulilofungulia akaunti ya benki. Wayland imeufunga mlango huo kwa makusudi. Ukiendesha scrot ndani ya GNOME ya Wayland, kwa kawaida utapata mstatili mweusi. Tangu GNOME 41 ya mwaka 2021, hata njia ya ndani ya D-Bus, mfumo wa programu kutumiana ujumbe, waliyokuwa wakiitumia wajanja imefungiwa programu za nje, na njia rasmi ni lango linalomwomba mtumiaji ruhusa. Mtu akikaa kubofya ruhusa kwa ajili ya picha 140 za mwongozo, huo ni ukibarua, hauna uotomatiki wowote. Kwenye Sway, kompozita mojawapo ya Wayland, kuna amri ya grim, ambayo ni safi sana, ila kwa kawaida hupiga skrini au eneo la skrini. Unampa mstatili uliousoma kwa swaymsg, amri ya kuiuliza Sway, naye anakurudishia chochote kilichomo, gesi ikiwamo.

Ndiyo maana mimi sipigi picha kwenye skrini ninayoitazama. Ninaanzisha Xvfb, seva ya X isiyo na kioo, ikichora kwenye kumbukumbu tupu yenye ukubwa ninaoutaka, 1280x800x24, ninaipa namba :99, na humo hakuna arifa, hakuna saa, hakuna mtu wa kusogeza kipanya. Humo ninaweka pia Openbox, kwa sababu bila kidhibiti-madirisha amri ya xdotool windowactivate (xdotool ni chombo cha kuendesha madirisha na kipanya kwa skripti) hushindwa na visanduku vya mazungumzo hutokea bila fremu. LANG, mpangilio wa lugha, inakuwa sw_TZ.UTF-8 (Kiswahili) kwa duru ya kwanza na en_GB.UTF-8 (Kiingereza) kwa ya pili, na dirisha ninalitafuta kwa WM_CLASS, sifa inayotaja aina ya programu, kamwe si kwa jina lililo juu yake, maana jina hilo hubadilika na lugha. Kutafuta kwa namba ya mchakato pia ni mtego: LibreOffice ukiianzisha kwa soffice, dirisha linakuja kumilikiwa na soffice.bin, ambayo ina namba nyingine.

Limebaki suala la kusubiri, nalo ndilo hasa linalokula muda. Mistari miwili ya yule aliyeniandikia ilikuwa na sleep 5, yaani subiri sekunde tano. Sekunde tano ni nyingi mno mara 130 na haba mno mara kumi, na hizo kumi ndizo zitakazochapwa. Chaguo la --sync la xdotool husubiri dirisha litokee, lakini kutokea si kuchorwa. Nimepata fomu nyingi zilizotokea zikiwa nyeupe pe. Ninachofanya ni kupiga picha mbili kwa kupishana robo sekunde, kuzilinganisha pikseli kwa pikseli, na kurudia mpaka zifanane. Wiki ya kwanza hazikufanana kamwe kwenye fomu yenye kisanduku cha maandishi. Nilipotoa tofauti ya picha hizo nikaona mstari mmoja mwembamba uliosimama, upana wa pikseli moja: ni kile kijiti kinachopepesa mahali pa kuandikia. Nikakizima katika mipangilio ya GTK kwa gtk-cursor-blink, pamoja na miondoko yote, na duru ikaanza kuisha.

Hata hivyo, picha mbili kufanana hakuthibitishi kwamba programu imemaliza. Kunathibitisha tu kwamba kwa robo sekunde haikufanya kitu kinachoonekana. Programu inayosubiri jibu la hifadhidata hutulia vizuri sana ikiwa na jedwali tupu, na kutoka nje sina namna ya kutofautisha utulivu huo na ule wa kazi iliyokwisha. Kwa ukurasa wa ripoti ya mwezi nimejaribu kutazama matumizi ya prosesa, nimejaribu kusoma maandishi ya upau wa hali kupitia njia za ufikivu, na zote hushindwa siku nisiyoitarajia. Katika skripti yangu, mstari wa 212, kwa ukurasa huo mmoja, kuna sleep 8.