Printa ikitapika makaratasi usikimbilie kununua nyingine

Printa ya netiweki ikizingua kidogo tu ofisini lawama zote zinaiangukia yenyewe, mara bodi imekufa, mara ina virusi, mara wino feki. Ngoja tuwekane sawa.

"Inatoa kurasa za maandishi ya ajabu, imekula virusi." Hapana bwana. Angalia mstari wa kwanza juu ya karatasi. Ukiona %!PS-Adobe ujue printa imeletewa PostScript (lugha moja ya printa) wakati yenyewe inajua PCL tu (lugha nyingine), ukiona @PJL ujue kuna mahali maagizo ya printa yamechukuliwa kama maandishi ya kawaida yakaprintiwa hivyo hivyo. Printa nzima kabisa, tatizo ni mkalimani. Hii naikuta sana pale kompyuta ya Linux yenye CUPS (programu ya kusimamia kuprinti) ndiyo seva na kompyuta za Windows zinaprinti kupitia kwake, kila Windows imewekewa draiva (programu inayotafsiri faili kwenda lugha ya printa) ya printa yenyewe, na seva nayo ina draiva, sasa Windows inatafsiri kazi halafu seva inataka kuipitisha kwenye filta zake (vijiprogramu vya kugeuza kazi iwe lugha ya printa) tena, hapo unapata rimu nzima ya takataka au kazi inapotea kimya kimya. Atafsiri mmoja tu! Ama Windows itafsiri na foleni ya seva iwe raw, yaani ipitishe kazi bila kuigusa, ama Windows uiwekee draiva ya kawaida ya PostScript na seva ndo imalizie. Mi napenda hii ya pili, maana hizo foleni za raw CUPS wenyewe wameshasema wataziondoa huko mbele. Ukikwama, kwenye seva washa cupsctl --debug-logging, tuma kazi moja, kisha soma /var/log/cups/error_log, utaona filta gani imeanza na ipi imefia njiani.

"Ping inajibu kwa hiyo netiweki haina shida." Ping, ile amri ya kukiita kifaa kwenye netiweki uone kama kinajibu, inakwambia tu kifaa kipo hewani. Kuprinti kunapita milango ya netiweki (port), 9100, 515 au 631, na fayawoli (mlinzi wa netiweki) inaweza kuruhusu ping ikaziba hiyo yote.

"Imeandika offline, basi imekufa." Mara nyingi umeme ulikatika, rauta ikawaka upya, printa ikapewa aipii (anwani ya netiweki) nyingine na kompyuta bado inaitafuta kule kwa zamani. Iwekee aipii ya kudumu kwenye rauta, dakika 5 tu.

"Zima printa uwashe, foleni itafutika." Foleni haikai kwenye printa jamani, iko kwenye kompyuta! Ndo maana ukiwasha tu linarudi lile lile faili la kurasa 80. Kwenye Windows simamisha Print Spooler (huduma inayoshika foleni), futa vilivyomo kwenye C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (vilivyomo, folda yenyewe iache), halafu iwashe tena.