Ada ya mjengo na barabara ya mtaa: yanayosemwa Malindi na yaliyomo kwenye sheria

Masika yakipiga Muyeye na Maweni, mashimo yakijaa maji na tuktuk zikaanza kupita kando ya viambaza vya watu, swali ni lile lile kila kibarazani: kaunti inachukua pesa kwa kila ploti inayojengwa, mbona barabara haitengenezwi? Swali ni la haki. Tatizo ni majibu yanayotolewa, kwa sababu mengi ni nusu ukweli, na nusu ukweli hiyo inawagharimu watu pesa, muda, wakati mwingine jengo zima.

“Nimelipa ada ya kibali, kwa hiyo barabara ya mtaa wangu imeshalipiwa”

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote. Kifungu cha 207 cha Katiba ya Kenya kinaagiza kwamba pesa zinazokusanywa na kaunti ziingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria imeruhusu zibaki mahali pengine. Humo ada yako ya ramani, yaani ile unayolipa ili mchoro wa jengo upitishwe, inachanganyika na leseni za biashara, ushuru wa soko, maegesho na kodi ya ardhi. Haina jina lako wala jina la mtaa wako. Na haitoki humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti.

Ni kweli kwamba Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019 inairuhusu kaunti kumtoza anayeomba kibali ada ya uendelezaji. Lakini kuruhusiwa kutoza si sawa na kufungwa kutumia pesa hiyo kwenye barabara iliyo mbele ya lango lako.

Kwa hiyo barabara haitafutwi kwenye risiti. Inatafutwa kwenye bajeti, na bajeti ina kalenda yake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufika kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mtaa unaopiga kelele mwezi Mei, mvua ikiwa imeshaharibu, unazungumzia bajeti ambayo tayari imeandikwa. Watu wa mtaa wanaotaka barabara wapeleke ombi lao kabla ya Septemba, na waandike barabara kwa namna ambayo mhandisi anaweza kuiweka kwenye jedwali: inaanzia wapi, inaishia wapi, urefu wake kwa mita, maji husimama sehemu gani, na kama panahitajika kalvati au mtaro. “Barabara yetu mbaya” haina safu kwenye jedwali.

“Marekani ukitozwa ada ya barabara, inajenga barabara, na siku hizi mahakama imezifuta”

Mambo mawili yamechanganywa hapa, na yote mawili yamefika kwetu kwa simu za mkononi.

La kwanza lina ukweli. Katika jimbo la Washington, mji mdogo unaomtoza mjenzi ada ya athari za magari lazima uiweke kwenye akaunti ya peke yake, uitumie kwa miradi iliyomo kwenye mpango wa barabara wa mji, na uitumie au uitenge rasmi kwa mradi ndani ya miaka 10, la sivyo inarudishwa. Haiwezi kutumika kuziba upungufu uliokuwepo kabla ya jengo kuja. Hizo ni sheria za jimbo hilo. Mkazi wa Malindi akienda nazo dirishani hapa, hana pa kuzishikiza. Anachoweza kufanya, na ni jambo la maana sana, ni kupendekeza utaratibu kama huo uandikwe kwenye sheria ya kaunti.

La pili si kweli. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Sheetz dhidi ya El Dorado, huko California, ambapo mtu alitozwa dola 23,420 za athari za magari ili aweke nyumba moja kwenye kiwanja chake. Mahakama haikuzifuta ada hizo. Ilisema tu kwamba ada iliyowekwa na baraza kwa sheria haikwepi kipimo kile kile cha uwiano kinachotumika kwa ada inayowekwa na ofisa: pawe na uhusiano kati ya kinachotozwa na mzigo ambao jengo linaleta. Kesi ikarudishwa mahakama za chini.

Hoja ya uwiano, hata hivyo, haina mpaka wa nchi. Mtu akitozwa kwa ajili ya magari, haki ni kuonyeshwa magari hayo yamehesabiwaje.

“Mzigo wa magari ni makadirio ya mtu tu”

Hapa tukae kidogo, maana kuhesabu magari ni kazi ambayo kijana yeyote mwenye saa na daftari anaweza kuifanya, na watu wengi wameshindwa hoja nzuri kwa kukosa karatasi moja ya hesabu.

Chagua makutano. Kila mkono wa barabara una mtu wake, na kila mtu ana safu tatu: wanaokata kushoto, wanaokwenda moja kwa moja, wanaokata kulia. Kila safu igawanywe kwa aina: gari dogo, tuktuk, bodaboda, matatu, lori, mkokoteni. Alama zipigwe kwa vipande vya dakika 15, si kwa saa nzima, kwa sababu msongamano huja kwa mawimbi na saa nzima huyaficha.

Tuseme robo nne zinazofuatana jioni zimetoa vyombo 96, 118, 131 na 105. Jumla ni 450 kwa saa. Lakini robo nzito zaidi ilikuwa 131, na ingeendelea hivyo saa nzima vingepita 524. Gawanya 450 kwa 524, unapata kama 0.86. Namba hiyo ikikaribia 1, vyombo vinapita kwa usawa. Ikishuka, kuna kishindo cha dakika chache, mara nyingi shule inapotoka au kivuko cha soko kinapojaa. Makutano yanayopimwa kwa 450 peke yake yataonekana yanatosha, kisha yatafunga kila jioni.

Kinachoharibu hesabu zaidi ni siku iliyochaguliwa. Jumanne hadi Alhamisi hutoa hali ya kawaida. Ijumaa mchana ihesabiwe peke yake kwa ajili ya swala. Hesabu iliyofanywa Ramadhani tu haifai kuwa msingi wa mwaka mzima, kwa kuwa jioni yote hujibana kabla ya futari. Na kwa barabara za ufukweni, kama zile za upande wa Casuarina, hesabu ya mwezi wa Mei na ya Desemba ni kama za miji miwili tofauti.

Kosa jingine ni kuazima viwango vya nje. Vitabu vya Marekani huipa nyumba moja ya familia karibu safari 1 ya gari katika saa nzito ya jioni, yaani ile yenye magari mengi zaidi, na 9 hadi 10 kwa siku. Ni viwango vilivyotokana na vitongoji ambako kila mtu ana gari. Hapa kwetu watu huenda kwa miguu, kwa bodaboda na kwa tuktuk inayobeba watatu. Njia ya haki ni kuhesabu lango la jengo linalofanana, hapa hapa mjini. Jengo la vyumba 24 likitoa na kuingiza vyombo 18 katika saa nzito, kila chumba ni 0.75. Jengo jipya la vyumba 40 litaongeza kama vyombo 30. Ukiwa na hesabu hiyo unaweza kumwambia mjenzi aweke njia ya kuingilia yenye nafasi ya kusubiri ndani ya ploti, badala ya magari kupanga foleni barabarani.

“Barabara zote ni za kanjo, yaani za kaunti”

La. Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi ni ya serikali ya kitaifa, chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA. Barabara za kaunti ndizo za kaunti. Ukitaka kufungua lango la kituo cha mafuta au duka kubwa kwenye barabara kuu, kibali cha kaunti peke yake hakikupi ruhusa ya kuingilia. Inatoka kwa mwenye barabara. Vivyo hivyo kibanda kilichojengwa kwenye hifadhi ya barabara (ardhi ya pembeni iliyotengewa barabara) hakilindwi na leseni ya biashara, hata kama imelipwa miaka 10 mfululizo.

Na kuna tozo ya matengenezo ya barabara ndani ya bei ya kila lita ya mafuta, iliyopandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 mwaka 2024. Ile ni pesa ya kitaifa, ya kutunza barabara zilizopo. Haihusiani na ada ya ramani, ingawa mkutanoni huchanganywa kila mara.

“Ploti ni yangu, najenga nitakavyo”

Kuanza kujenga bila kibali ni kosa: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kugeuza nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya wageni nako ni kubadilisha matumizi, na kunahitaji kibali hata kama hukuongeza tofali moja. Mjini Malindi hili ndilo linalonasa wengi.

Ada ya ramani kwa kawaida hufuata eneo la sakafu, na sakafu zote huhesabiwa. Nyumba ya mita 10 kwa 12 yenye ghorofa moja juu ni mita za mraba 240, si 120. Mchoraji akikupunguzia eneo ili ada ishuke, unafuu huo hudumu mpaka siku ya ukaguzi. Baada yake utalipia ramani mpya, ada iliyobaki, na kusimama kwa mafundi ambao bado wanadai posho.

“Siku 60 zikipita bila jibu, umepewa”

Hii ni kweli, na ndiyo sababu ni ya hatari. Sheria ya 2019 inasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kimetolewa. Lakini siku zinahesabiwa tangu lini? Ombi likiwa na pengo (hakuna nakala ya hatimiliki, ramani haina muhuri wa msanifu aliyesajiliwa, kodi ya ardhi haijalipwa) utaambiwa halikuwa ombi kamili. Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na risiti rasmi ya siku hiyo. Siku ya 61 andika barua ya kuarifu kwamba muda umepita, nayo igongwe muhuri. Na siku hizo 60 hazigusi leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, wala usajili wa mradi kwa mamlaka ya ujenzi. Zile zina safari zake.

Ukinyimwa kibali, una siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya upatanishi wa mipango ya ardhi. Watu wengi huzimaliza siku hizo wakitafuta mtu wa kuwasemea.

“Ada hupangwa na bodi ya manispaa, sisi hatuna la kusema”

Bodi ya manispaa hukusanya kile ilichokabidhiwa na kaunti kukusanya. Viwango vinawekwa na bunge la kaunti kupitia mswada wa fedha, na Kifungu cha 210 cha Katiba hakiruhusu kodi wala ada ya leseni kutozwa, kubadilishwa au kusamehewa nje ya sheria. Kwa hiyo ofisa anayekuambia “nitakupunguzia” anakuahidi asichoweza kukupa kihalali.

Mswada ukisomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na hapo ndipo maoni ya umma huchukuliwa. Ukisubiri usomaji wa pili, umechelewa. Kushirikishwa huku si hisani. Mwezi Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo.

Maoni yanayosikilizwa ni ya maandishi na mafupi. Taja namba ya kipengele kwenye jedwali la mswada, kiwango cha sasa, kiwango kinachopendekezwa, kiwango unachotaka wewe, na sababu moja yenye hesabu. Karatasi moja kwa kipengele kimoja. Mtu akisimama ukumbini akasema ada zote ni za kuwakandamiza wanyonge, atapigiwa makofi, lakini karani hatakuwa na mahali pa kuyaandika maneno hayo kwenye ripoti ya kamati.

“Wakikataa kukuonyesha hesabu, ndiyo basi”

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Andika barua, kwa Kiswahili au Kiingereza, utaje unachotaka kwa jina: kwa mfano, jumla ya ada za ramani zilizokusanywa Malindi mwaka fulani wa fedha, na orodha ya barabara zilizotengenezwa mwaka huo. Huna haja ya kueleza unaitakia nini. Bakisha nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku 21 zikipita kimya, nakala hiyo ndiyo unayoipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ina mamlaka ya kuchunguza na kuamuru habari hiyo itolewe.