Je, majina ya wagonjwa wa zahanati hupelekwa Ulaya?

Upo ujumbe unaozunguka mara kwa mara katika makundi ya WhatsApp, ukidai kwamba kila mgonjwa anayeandikwa zahanati jina lake hupelekwa Ulaya, kwa kuwa kompyuta zilitolewa na wafadhili. Sivyo mfumo unavyofanya kazi.

Nchini Tanzania, taarifa ya mwezi huanzia kwenye rejista ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya unaotumiwa vituoni. Mhudumu huhesabu waliomo, kwa mfano watoto wa chini ya miaka 5 waliougua malaria, na jumla hiyo, si majina, ndiyo huingizwa katika DHIS2, programu ya kompyuta ya kukusanya takwimu za afya. Anayetaka kuhakikisha aombe kuonyeshwa fomu tupu ya mwezi: ina visanduku vya idadi kwa umri na jinsia, bila nafasi ya jina la mgonjwa. Programu yenyewe huendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, na pengine hapo ndipo mkanganyiko ulipozaliwa, ila msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote na kila nchi inaweza kuiweka kwenye seva zake. Wafadhili wanaogharimia vifaa na mafunzo hubandika nembo kwenye kompyuta. Stika hiyo haiwapi umiliki wa taarifa.

Ni kweli kwamba mifumo mingine, ile ya kusajili wagonjwa hospitalini, huhifadhi majina, na huko kuuliza ni nani anayeruhusiwa kuyasoma ni haki kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamlinda mwenye taarifa. Ujumbe ule ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze. Swali lipeleke kituoni.