Kidonda cha muundi kisichofunga: pale ambapo dawa ya kupaka haitoshi

Pitisha kidole mbele ya muundi wako, kutoka goti hadi kifundo cha mguu. Mfupa unauhisi hapo hapo, kwa sababu upande huo hauna msuli, una ngozi tu juu ya mfupa. Bodaboda ikigongwa na lori kwenye barabara ya Tunduma, au gogo likimwangukia mtu msituni Mufindi, ngozi hiyo huchanika na mfupa kubaki wazi. Hapo ndipo safari ya kidonda huanza: unga wa kapsuli, asali, majani yaliyotwangwa, wakati mwingine maji ya betri. Miezi inapita, kidonda kiko vilevile. Tatizo halikuwa uchache wa dawa. Kidonda hupona kwa damu inayotoka chini yake, na mfupa uliokauka hauna damu ya kutoa.

Kidonda cha mguu kilichopita wiki 6 bila kufunga ni kidonda sugu, lakini si kila kidonda sugu ni cha kisu. Kile kinachotokana na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizolegea hutibiwa kwanza kwa bandeji ya kubana na kuinua mguu. Cha kisukari kinataka sukari ishuke, uzito uondolewe kwenye unyayo, na mishipa ipimwe. Upasuaji wa kuhamisha nyama, ambao wodini huitwa flapu, unahitajika pale ambapo mfupa, kano, kiungo au chuma cha kuunga mfupa kimebaki wazi.

Watu wengi huchanganya flapu na kiraka cha ngozi. Kiraka ni utando mwembamba unaokwanguliwa pajani. Hauna mshipa wake. Kwa siku 2 za mwanzo huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda, kisha mishipa midogo huota kutoka chini na kuingia ndani yake. Ukikiweka juu ya mfupa uliopoteza utando wake, au kano iliyo uchi, kitakufa, kwa kuwa hakuna kitu cha kuota hapo. Flapu ni kipande cha ngozi na mafuta, au msuli, kinachohamishwa kikiwa bado kimeshikana na mshipa unaokilisha. Kinakuja na damu yake.

Daktari huchagua flapu kwa kuangalia kidonda kipo wapi. Theluthi ya juu ya muundi, karibu na goti, hufunikwa kwa kichwa cha ndani cha msuli wa shavu la mguu. Theluthi ya kati huchukua msuli bapa ulio chini ya huo. Misuli hiyo ikishalazwa, juu yake huwekwa kiraka cha ngozi.

Theluthi ya chini na kisigino ndiyo yenye kazi, kwani hapo misuli imekwisha na kumebaki kano. Njia inayotumika sana ni kukata ngozi na mafuta nyuma ya shavu la mguu, kisha kuvigeuza kuelekea chini vikiwa vimening'inia kwenye shina la upana wa sentimita 3 hadi 4. Shina hilo hulishwa na matawi ya ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni) iliyo kando ya mfupa mwembamba wa mguu, na tawi la mwisho la kutegemewa liko takriban sentimita 5 juu ya kifundo cha nje. Daktari akikata chini ya hapo amekata chakula chote. Shina likisokotwa, au likipitishwa kwenye tundu la ngozi linalobana, vena huziba kwanza na flapu hujaa damu chafu. Njia hizi zikishindikana, mguu mmoja unaweza kuazimwa ngozi ya mwingine, miguu yote miwili ikiwa imefungwa pamoja kwa wiki 3 hivi. Kuhamisha nyama kutoka mbali na kuunga mishipa yake upya kunahitaji darubini na timu iliyofunzwa, na si kila hospitali ina vitu hivyo.

Kabla ya yote hayo, kidonda lazima kisafishwe. Picha ya eksirei huonyesha kama kuna kipande cha mfupa uliokufa. Kisipotolewa, flapu itashika vizuri kwa wiki chache, halafu usaha utatoboa upya pembeni. Mfupa mfu ukikwanguliwa ni mweupe mkavu. Ulio hai hutoa vitone vyekundu. Daktari huendelea kukwangua mpaka avione. Kidonda cha miaka mingi chenye kingo zilizoinuka na kinachotoka damu kwa urahisi lazima kikatwe kipande kidogo kipelekwe maabara, kwani kinaweza kuwa kimegeuka saratani. Mapigo ya ateri kwenye unyayo hupimwa, pamoja na sukari na wingi wa damu; tunapenda angalau gramu 10 kwa desilita. Sigara iachwe wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Ugoro pia, kwa maana nikotini ndiyo inayobana mishipa. Maharage, mayai, maziwa na usipa (dagaa) wa Ziwa Nyasa viliwe kila siku, kwani nyama mpya haijengwi kwa ugali na mboga za majani peke yake.

Mfupa ulioachwa wazi na ajali hausubiri mavuno. Ni bora ufunikwe ndani ya siku 3 hadi 7, kabla haujakauka. Kidonda cha zamani kilichotulia ndicho kinachoweza kupangiwa tarehe isiyogongana na msimu wa kupanda.

Saa 72 za kwanza baada ya upasuaji ndizo huamua. Muuguzi hukagua flapu kila saa kwa siku nzima ya kwanza. Kwenye ngozi nyeusi rangi hudanganya, kwa hiyo tunategemea joto na kutoboa kidogo kwa sindano. Damu nyekundu inayotoka taratibu ni dalili njema. Damu nyeusi inayobubujika maana yake vena imeziba: legeza bandeji, toa nyuzi mbili tatu, inua mguu, mwite daktari sasa hivi. Ikiwa haitoki damu kabisa na flapu ni ya baridi, ateri haipeleki kitu, na huenda mgonjwa akarudishwa thieta usiku huohuo. Mara nyingi kinachopotea ni ncha tu, sentimita moja au mbili, nayo hukatwa na kusubiriwa.

Mgonjwa asilalie shina la flapu hata dakika chache. Kama lipo nyuma ya mguu, alale kiubavu au kifudifudi. Mguu hauning'inizwi chini ya kitanda mpaka siku ya 7 hadi 10, na hata hapo ni dakika 5, mara tatu kwa siku, ukiwa na bandeji ya kunyumbulika. Nyuzi hutolewa baada ya siku 14. Kukanyaga kunategemea mfupa umeunga kiasi gani.

Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Makete na Njombe hubana mishipa, kwa hiyo funika mguu kwa blanketi jepesi. Usiusogeze kwenye jiko la mkaa: flapu haina hisia, itaungua bila wewe kujua. Ukirudi nyumbani kwa basi, omba kiti kitakachokuwezesha kunyoosha mguu juu ya begi. Flapu iliyotoka nyuma ya shavu huacha ganzi pembeni mwa unyayo, upande wa nje, na ganzi hiyo huweza kudumu. Kila jioni kagua hapo kwa macho, na kung'uta kiatu kabla ya kukivaa.