Ukipanda Mlima Meza, jua kwanza utashukaje

Ndugu, marafiki na wanafunzi wetu wa zamani wakipata safari ya Cape Town, iwe ya mkutano, masomo au fungate, hutuuliza jambo moja: Table Mountain, yaani Mlima Meza, tupande kwa miguu au kwa gari la kebo, lile linaloning'inia kwenye waya? Chuoni kwetu kazi yetu ni kuwafundisha waongoza watalii wa milimani, na swali hilo huwa tunalijibu kwa swali jingine. Utashuka na nini?

Wengi hucheka. Hawajaliwaza. Anayepanda kwa miguu anasema atarudi na kebo ili kupumzisha magoti, na aliyepanda na kebo hana shaka kwamba gari lililompeleka ndilo litakalomrudisha. Mara nyingi huwa hivyo. Makala haya yanahusu zile siku ambazo haiwi hivyo.

Mlima Meza si mrefu. Kilele chake, palipo na rundo la mawe liitwalo Maclear's Beacon lililojengwa mwaka 1844 kwa kazi ya upimaji wa dunia, kiko mita 1,086 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha juu cha kebo kiko mita 1,067. Mkazi wa Arusha analala juu zaidi ya hapo kila siku, na wa Nairobi anauzidi mlima huo kwa karibu mita 700. Ndiyo maana watu wa kwetu huudharau. Mimi mwenyewe, mtu wa Moshi niliyekulia chini ya Kilimanjaro, niliupanda mara ya kwanza mwezi Januari nikiwa na raba za kutembelea mjini na chupa ya maji ya nusu lita. Nilipofika juu upepo ulikuwa umeshachachamaa na magari ya kebo yamesimamishwa. Nilishuka kwa miguu bonde lilelile nililopandia, koo limekauka, magoti yanatetemeka kama ya mzee wa miaka tisini. Watoto wa shule walinipita wakiimba.

Nilichosahau ni kwamba Arusha na Nairobi mtu anaanzia juu, lakini pale anaanzia baharini. Mlima unasimama wima mbele ya bahari, na hali ya hewa ya bahari ndiyo inayoutawala.

Tuanze na kebo. Ilifunguliwa tarehe 4 Oktoba 1929, baada ya mpango wa awali wa kujenga reli ya mlimani kukwamishwa na Vita Kuu ya Kwanza. Mchoro wa kebo ulikuwa wa mhandisi kutoka Norway, Trygve Strömsöe. Magari ya sasa ni ya mwaka 1997, ya duara, na kila moja hubeba watu 65. Yako mawili tu. Moja likipanda jingine linashuka, yakisawazishana kama ndoo mbili za kisima, kwa hiyo mtambo hauhitaji kuuvuta uzito wote wa gari. Safari kutoka kituo cha chini, kilicho mita 363, huchukua kama dakika tano.

Ukiingia, usikimbilie dirisha. Sakafu yenyewe inazunguka, na kabla hamjafika juu kila abiria atakuwa ameona pande zote: mji, bandari, kisiwa cha Robben, kisha ukuta wa mwamba unaokaribia hadi unaona majani yaliyoota kwenye nyufa. Kosa la kawaida ni kushika chuma cha ukutani ukidhani unajishikiza. Miguu inakwenda na sakafu, mkono umebaki ukutani, na unajikuta umejipinda kama nguo inayokamuliwa. Simama katikati ya watu, miguu ikiwa imeachana kidogo. Masikio yakiziba, meza mate.

Chini ya sakafu hiyo kuna matangi ya maji. Maji hayo yanafanya kazi mbili: yanaliongezea gari uzito ili lisiyumbe ovyo, na yanapelekwa juu kutumika kituoni. Lakini uzito una mpaka wake. Upepo ukizidi kiwango, kebo inafungwa, na hakuna tiketi, cheo wala safari ya ndege ya jioni itakayoifungua. Kwa walioko juu hupigwa king'ora. Ukikisikia, acha picha, elekea kituoni. Foleni hujaa haraka, na anayejivuta ndiye anayesubiri kwenye baridi.

Upepo wenyewe una jina. Ni wa kusini-mashariki, na wenyeji huuita Daktari wa Cape kwa imani ya zamani kwamba huufagia mji uchafu na maradhi. Huvuma hasa miezi ya kiangazi cha kule, yaani kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi, miezi ileile ambayo wageni ni wengi. Unatoka baharini na unyevu wake, unaugonga mlima, unalazimika kupanda. Hewa ikipanda inapoa, na unyevu unageuka wingu. Wingu hilo linamwagika upande wa mjini kama kitambaa kilichotandikwa mezani, na ndivyo wanavyoliita, kitambaa cha meza. Likishuka kidogo likakutana na hewa yenye joto, linayeyuka, ndiyo maana ukiwa mjini unaona pindo lake limekaa palepale saa nzima ingawa wingu linatiririka muda wote. Wazee wa mjini wana maelezo yao: ni moshi wa kiko cha bwana mmoja aitwaye Van Hunks, anayeshindana kuvuta na shetani.

Kutoka chini ni pambo, ila ukiwa ndani yake huoni hatua kumi mbele. Juu pale ni uwanda mpana wenye kingo zinazokatika ghafla na mabonde yanayofanana. Mengine yanaanza kwa upole kisha yanaishia kwenye maporomoko. Kanuni tunayowafundisha waongoza watalii ni ile ile kwa mgeni: ukungu ukikukuta nje ya njia unayoijua, simama. Vaa kila ulichobeba, keti pamoja na wenzako mbali na kingo, subiri. Usijaribu bonde jipya kwa sababu linaonekana kuelekea mjini. Huko juu kwa kawaida kuna baridi zaidi kuliko mjini kwa nyuzi sita hivi, na upepo ukiongezeka mwili unahisi zaidi ya hapo. Koti lisilopitisha upepo hubebwa hata siku ambayo mjini watu wamevaa kaptura.

Kwa miguu, njia inayotumiwa na wengi ni Platteklip Gorge. Jina ni la Kiafrikaans, maana yake jiwe bapa. Inasimuliwa kwamba baharia Mreno António de Saldanha alipanda kupitia bonde hili mwaka 1503, Mzungu wa kwanza kufika juu, ingawa wafugaji wa Kikhoi walikuwa wakiishi chini ya mlima huo karne nyingi kabla yake. Mwanzo wa njia uko barabara ya Tafelberg, kama kilomita moja na nusu mbele ya kituo cha chini cha kebo. Kuanzia hapo ni ngazi za mawe, zigizaga juu ya zigizaga, hadi kuta mbili za mwamba zinapobanana na unatokea juu ghafla. Mwenye mazoezi hutumia saa moja na nusu, wengine saa tatu. Ukitokea juu, geuka kulia. Kituo cha kebo kiko mwendo wa robo saa, tambarare.

Tatizo la Platteklip ni jua. Kule kusini jua la mchana hukaa upande wa kaskazini mwaka mzima, si kama kwetu ambako linahamahama, na bonde hili limeangalia kaskazini. Kivuli ni haba. Anza asubuhi mapema, na kila mtu abebe maji yake mwenyewe, lita mbili kwa siku ya joto. Msigawane chupa moja kwa imani kwamba “tutanunua juu”.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo watu huumia. Mtu akizidiwa na joto huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho jingi, misuli ya mapaja kukakamaa. Huyo akae kwenye kivuli chochote kilichopo, alegeze nguo, anywe maji kidogo kidogo, na mkirudi chini hakuna aibu. Lakini akianza kujibu ovyo, kuyumba au kugombana bila sababu, hayo siyo machovu tena. Mwili umeshindwa kujipoza. Mlowanisheni maji nguo na shingo, mpepeeni, msimnyweshe kwa nguvu, pigeni simu ya dharura 112 mara moja. Semeni njia mliyopo na alama mliyoipita mwisho. Na kama mmeamua kushuka kwa miguu, jueni kwamba kushuka ndiko kunakotegua vifundo: miguu imechoka, macho yako kwenye mandhari, jiwe limelegea. Fimbo mbili za kutembelea zingeniokoa mimi ile siku.

Njia nyingine zipo, na majina yake huwavutia watu. India Venster inapita karibu chini ya kebo yenyewe, na anayeitazama kutoka kituoni hudhani ni njia ya mkato. Ina sehemu za kupanda kwa mikono, minyororo na vyuma vilivyopigiliwa kwenye mwamba. Mgeni asiende bila kiongozi, na isitumike kushukia. Skeleton Gorge inaanzia bustani ya mimea ya Kirstenbosch, ina msitu, kivuli, kijito na ngazi za mbao. Nzuri mno, ila mawe yake yakilowa yanateleza kama bamia, na ukifika juu bado una safari ndefu ya kutembea hadi kituo cha kebo, ambacho kiko upande mwingine. Wengi hugundua hilo saa tisa alasiri.

Saa nazo ni somo. Sisi wa karibu na ikweta tumezoea jua kuchwa saa kumi na mbili na kitu, masika na kiangazi. Cape Town iko nyuzi 34 kusini. Desemba jua huchwa karibu saa mbili usiku. Juni limeshazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, na asubuhi yake linachomoza karibu saa mbili. Saa zao pia ziko nyuma yetu kwa saa moja. Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya mvua na baridi, na kati yake, aghalabu Julai au Agosti, kebo hufungwa kwa siku kadhaa kwa matengenezo ya mwaka. Angalia taarifa zao asubuhi ya siku yenyewe, si usiku uliotangulia.

Suala la usalama wa mali halina haja ya kuzungukwa: kuna wizi kwenye baadhi ya njia. Nendeni wanne au zaidi, simu ikae ndani ya begi, na mtu wa hotelini ajue mmepita wapi na mtarudi saa ngapi.

Juu, karibu na kituo, kuna vijia vilivyosakafiwa ambavyo hata kiti cha magurudumu kinapita, kwa hiyo usimwache bibi hotelini. Atakutana na pimbi, wanaoota jua juu ya mawe bila haya. Msiwape chakula, wanauma, na wakizoea mkate wanaacha majani. Majani hayo ndiyo hazina yenyewe. Vichaka vile vifupi vinaitwa fynbos, na eneo la mimea la Cape liliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004. Fynbos huhitaji moto mara chache ili mbegu zake ziote, lakini moto wa mara kwa mara huimaliza, na katika upepo ule njiti moja inatosha. Aprili 2021 moto ulioanzia kwenye miteremko ya mlima ulishuka hadi Chuo Kikuu cha Cape Town na kuunguza maktaba yake ya kihistoria.

Huwa naulizwa pia, kwa kuwa mwaka 2019 serikali yetu ilitangaza kwamba inafikiria kebo ya Kilimanjaro na wapagazi na waongoza watalii wakapinga: mbona Cape Town wameweza? Kiuchumi kila mtu ana lake. Kiafya milima hii hailingani. Mita 1,067 haimpi mtu ugonjwa wa mwinuko, hata akipandishwa kwa dakika tano. Kilimanjaro ni mita 5,895, na mwili unahitaji siku kadhaa kuizoea hewa nyepesi ya juu. Anayepelekwa haraka anapaswa kushushwa haraka, na hapo tunarudi kwenye swali letu la mwanzo.

Na kama siku yako ni moja tu na upepo umefunga kebo, usipande kwa hasira. Chukua gari hadi kilima cha Signal Hill, mita 350, barabara ya lami mpaka juu, na utauona mlima wote pamoja na kitambaa chake. Ukiwa maeneo yale mchana, mzinga hupigwa saa sita kamili kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu. Mwambie bibi mapema.