Kombi Iliyolala Miaka: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kombi ya Volkswagen yenye kitanda na jiko ndani, ya aina ile ambayo kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kuitengeneza mwaka 1951, haikosi mpenzi hata ikiwa imeota majani hadi dirishani. Anayeikuta nyuma ya nyumba ya mtu hupewa ushauri mwingi kabla hajatoa hata shilingi. Sehemu kubwa ya ushauri huo husemwa kwa nia njema, na ndio unaokuja kula pesa.

“Weka betri mpya, piga stata. Ikiwaka, gari zima.”

Kwangu hii ndiyo mbaya kuliko zote. Injini iliyosimama miaka ina silinda kavu: oili imeshuka yote chini, na ringi za pistoni huenda zimeshikana na kuta kwa kutu. Ukiizungusha kwa nguvu za stata unaikwaruza, pengine unavunja ringi. Chomoa plagi zote nne, tia mafuta mepesi kidogo kila silinda, yaache yalale humo usiku kucha, kisha zungusha puli kwa spana, taratibu. Ikigoma, ongeza mafuta na subira.

Kisha mwaga petroli ya zamani, maana ikikaa hugeuka utomvu unaoziba kabureta. Mipira inayopitisha petroli ndiyo ya kuogopwa zaidi. Tangi limekaa jirani kabisa na chumba cha injini, na ile mipira iliyofumwa uzi kwa nje huonekana mizima ilhali ndani imepasuka. Petroli ikidondokea injini yenye joto, habari imekwisha: kizimba cha injini hii ni cha aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Wapo wanaosema mipira itabadilishwa baadaye, “tuone kwanza kama inawaka.” Itawaka kweli.

Na hata ikiunguruma vizuri, bado hujui kama itasimama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kwa gari linalotembea kila siku. Yakiachwa miaka kumi, silinda za breki hula kutu kwa ndani, na mipira ya breki huvimba hadi tundu linaziba. Utakanyaga, gurudumu litashika, ukiachia litaendelea kushika. Hapo hakuna cha kusafisha, nunua vipya.

“Haina rejeta, kwa hiyo haichemshi.”

Haichemshi maji kwa sababu haina maji. Joto inalo, tena la kutosha kuiua. Injini hii hupozwa na upepo wa feni unaoongozwa na mabati kupita juu ya silinda, pamoja na oili, ambayo kwenye injini ya cc 1600 ni lita 2.5 tu. Kuzunguka injini kuna sili ya mpira inayotenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ikioza, feni huivuta tena hewa ileile iliyokwisha kupata moto. Mafundi wengine huyang’oa mabati hayo “ili injini ipumue,” na kwa kufanya hivyo huinyima pumzi.

Gari lililolala lina mgeni wa ziada: panya. Hujenga viota juu ya silinda, chini ya mabati, mahali ambapo macho hayafiki. Fungua uangalie. Na kwa injini za 1600, taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, usijipe moyo kwamba betri itakufikisha mjini. Mkanda mmoja huzungusha jenereta na feni. Ukikatika, upepo nao umekatika. Simama hapohapo.

“Kutu ni ya juu tu, piga pati na rangi.”

Kombi haina chesi ya kufunguliwa kama ya Land Rover. Reli za chini, sakafu na mabati yaliyokunjwa chini ya milango vimechomelewa pamoja, na ndivyo vinavyobeba mzigo. Lala chini na bisibisi, gonga mahali pa kuwekea jeki, sakafu ya miguu ya dereva, kikalio cha betri. Pitisha sumaku ubavuni: penye pati nene, ile ya kuziba na kusawazisha bati, haishiki. Iliyolala Mombasa, na hewa ile ya chumvi, ichunguze mara mbili ya iliyolala Nanyuki, mbali na bahari. Welda akitaka kukata bati la chini ya mlango bila kuiegemeza bodi kwanza, mzuie, la sivyo milango haitafunga tena sawasawa. Kazi hii ndiyo inayomaliza bajeti. Injini ni nafuu ukilinganisha.

“Inataka petroli ya risasi, ya siku hizi itaiua.”

La. Risasi ilisaidia injini ambazo mahali valvu zinapokalia ni laini; vichwa vya injini hii ni vya aluminiamu vyenye pete za chuma kigumu mahali hapo. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na Kombi zimeendelea kutembea.

“Spea ziliisha zamani.”

Injini ya 1600 ni ndugu wa ile ya Kobe (Volkswagen Beetle), aliyetengenezwa Mexico hadi 2003, na Kombi yenyewe iliendelea kutoka kiwandani Brazil hadi mwisho wa 2013. Kwa hiyo vipuri vya injini hiyo, breki na hata mabati ya bodi vinapatikana kwa kuagiza. Uliza tu imefungwa injini gani: za lita 1.7, 1.8 na 2.0 za miaka ya sabini ni za ukoo mwingine, na spea zake ni adimu na ghali zaidi. Vigumu hasa ni vitu vya kambi vyenyewe. Kabati likikosekana, seremala atalichonga, na turubai la paa la kuinuka fundi mzuri wa cherehani atalishona. Bawaba za paa hilo zikiwa zimepotea, punguza bei unayotoa.