Paka wa Siam si jini, ni mpiga soga

Hapa mtaani kwetu Sanawari, Arusha, paka wangu wa Siam haitwi kwa jina lake. Ni "paka wa kizungu", na usiku akipandisha sauti ni "lile jini la kwa mwalimu". Uzungu wenyewe hana. Asili yake ni Thailand, na watu wa London walimshangaa kwenye maonyesho ya paka ya 1871 kama wanavyomshangaa leo jirani zangu.

Wanaosema hatumlishi ndio wanaoniudhi zaidi. Mama mmoja alimletea dagaa dirishani kwa huruma. Dagaa wakaliwa, kelele zikaendelea. Siam ni msemaji wa kuzaliwa, na sauti yake ya kukwaruza inafanana kweli na ya kichanga anayetaka kubebwa. Ukimsemesha anajibu. Ukirudi kazini anakupa habari za kutwa nzima, kwa kirefu. Anachodai mara nyingi ni mtu, wala si chakula: huambatana na watu kuliko paka wengi, na akifungiwa peke yake tangu asubuhi hadi jioni ndipo anapochana mapazia na kupiga yowe. Yale ya usiku kucha, pamoja na kugaagaa na kuinua kiuno, ni ya jike anayetaka dume. Majike wa Siam hupevuka mapema, wengine wakiwa na miezi 4 au 5 tu. Hapo maji ya upako hayasaidii. Daktari wa mifugo amfunge kizazi.

Nilimfunga wangu, na hapo ndipo uvumi mpya ulipozuka. Daktari alimnyoa ubavuni, ikawa mwezi Julai, manyoya yakaota meusi kwenye kile kiraka. Mtaa ukaamua kwamba nimemchanja dawa. Kumbe ni baridi! Kimeng'enya kinachotia rangi manyoya ya Siam hulegea penye joto na kufanya kazi palipopoa. Ndiyo maana masikio, uso, miguu na mkia wake ni mweusi, na kiwiliwili ni rangi ya maziwa. Watoto wake huzaliwa weupe, kwani tumboni mwa mama ni joto kila mahali. Nasi tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Julai tunashinda na masweta hadi sebuleni, na paka mwenye upara ubavuni afanyeje? Manyoya yale yalipopukutika na kuota mengine, weupe ukarudi. Hilo hakuna aliyelitangaza.

Eti mwenye macho ya buluu ni kiziwi. Kwa paka weupe pe, mara nyingi ni kweli. Buluu ya Siam ina chanzo kingine, haigusi masikio. Wangu husikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa nyumba ya pili.

Kisha kuna hili la kisirani: paka akikojoa kitandani, analipiza kisasi. Huenda sanduku lake la mchanga ni chafu, au anaumwa njia ya mkojo. Dume akichuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, mkojo huenda umeziba, na hilo huua ndani ya siku chache. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Dume wetu wa kwanza tulimgombeza siku mbili nzima. Ya tatu ndipo tukaita bajaji, na tulikuwa tumechelewa.